Wakuu, nyumba za paneli za kiwandani kweli zinaokoa mazingira? Tuna madarasa sita ya kujenga Magu

#1 KatibuWaMagu
Salaam wakuu. Mi ni katibu wa kamati ya ujenzi, shule ya kata huku Magu, Mwanza. Tunajenga madarasa sita na ofisi moja ya walimu. Hela nusu ni michango ya wananchi, nusu inatoka kwa ndugu zetu waliosoma hapa zamani na sasa wapo Ujerumani na Canada. Sasa hawa wametuandikia kwamba kabla hawajatuma awamu ya pili wanataka tuwaeleze ujenzi wetu utaathiri vipi mazingira, bei peke yake haiwatoshi. Kuna mkandarasi wa Dar katuletea wazo la paneli, ule ukuta unaokuja tayari, katikati povu jeupe, pembeni wavu wa waya, mkifika saiti mnapiga plasta tu. Anasema ni rafiki wa mazingira kuliko tofali. Nikamuuliza kwa kiasi gani, akanipa kipeperushi chenye picha ya jani. Wazee kwenye kamati wanataka tofali za kuchoma kama tulivyozoea. Mi binafsi nataka hesabu manake nitasimama mbele ya mkutano wa kijiji. Mwenye ujuzi aje.

#2 Kisima_cha_Maji
Ngoja waje wajuzi, nimekaa hapa.

#3 mjengo_254
Habari kutoka Athi River. Hizo paneli tunazijua sana huku, NHC, shirika la nyumba la serikali ya Kenya, wana kiwanda chao Mavoko. Mimi nimekaa kwenye nyumba ya paneli miaka minne. Iko sawa, usiku haina baridi kali, na ilisimama haraka kuliko ya jirani ya mawe. Taka za saiti zilikuwa kidogo sana, wanasema zinapungua asilimia 90. Ukuta unakuja umekatwa, hakuna kumwaga kokoto barabarani, hakuna mbao za fomwek (zile za kushikilia zege) za kutupa. Nenda na paneli bro.

#4 Injinia_Mstaafu
@mjengo_254 hiyo 90 ni ya wauzaji, tena wanachukua mradi uliofanya vizuri kuliko yote. Kuna utafiti wa Hong Kong wa 2009, wenzetu wale wanajenga maghorofa ya vipande vya kiwandani siku nyingi, wastani wa kupungua kwa taka ulikuwa kama asilimia 52. Bado ni kubwa na naiheshimu. Ila taka za saiti ni kipande tu cha mzigo. Mzigo wenyewe uko ndani ya vifaa kabla havijafika saiti: saruji, chuma, plastiki.

Katibu, hiyo kazi mnayoombwa inaitwa tathmini ya mzunguko wa maisha, ina viwango vyake ISO 14040 na 14044. Unaanza kwenye machimbo na kiwanda, unakuja usafiri, ujenzi wenyewe, miaka ya matumizi, mpaka siku ya kubomoa. Ukiona mtu anakupa namba moja bila kusema amehesabu kutoka wapi mpaka wapi, mrudishie.

#5 Nyegezi_Mama
Kwani si kuna TAM, tathmini ya athari kwa mazingira, ya NEMC, baraza la mazingira la taifa? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, wapeleke huko wakapewe cheti wawatumie hao wa Ujerumani, mambo yaishe.

#6 Injinia_Mstaafu
@Nyegezi_Mama TAM inaangalia mradi pale ulipo: vumbi, kelele, maji, vyoo, watu wanaohamishwa. Haikuulizi tanuri la saruji lilitoa moshi kiasi gani huko mbali. Ni vitu viwili tofauti na vyote vina maana, ila barua ya hawa ndugu inauliza hiki cha pili.

#7 Pwani_Tupu
Saruji ndo adui namba moja wakuu, asilimia 40 ya hewa ukaa ya dunia inatoka kwenye saruji. Chochote kinachopunguza saruji ni kizuri, basi.

#8 Mwl_Kemia
@Pwani_Tupu umechanganya. Saruji ni kama asilimia 7 hadi 8. Hiyo inayokaribia 40, ilikuwa 37 kwa ripoti ya 2022 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ni majengo yote kwa ujumla, na humo kuna umeme na moto unaotumika ndani ya nyumba miaka yote. Nawaeleza wanafunzi wangu hivi: ukichoma chokaa kupata klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, jiwe lenyewe linaachia hewa ukaa, hata ungelichoma kwa moto wa jua. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya klinka inatoka ndani ya jiwe na inayobaki ni ya makaa au gesi. Tani moja ya klinka inatoa kama kilo 850 hivi. Saruji zetu nyingi zinachanganywa na pozolana (majivu ya volkano) au chokaa mbichi, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 ukisema kilo 30 hadi 35 za hewa ukaa hukosei sana.

#9 Dereva_wa_Semi
Mi naendesha Dar Mwanza mwaka wa tisa. Kitu kinachonishangaza ni watu wa mazingira kusahau barabara. Dar mpaka Mwanza ni kama kilometa 1,150, nikiwa na tani 28 nakula dizeli lita 540 mpaka 550, nikiwa mwepesi lita 400 hivi. Hizo paneli zinatoka Dar. Huo moshi wangu umeandikwa wapi kwenye kipeperushi chenye jani?

#10 Injinia_Mstaafu
@Dereva_wa_Semi ahsante sana, namba za mtu aliyeshika usukani ndo tunazitaka. Lita moja ya dizeli ni kama kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo lita 540 ni karibu kilo 1,450. Sasa hapa tulia, jibu linategemea umebeba nini.

Paneli ya povu na waya bila plasta ni nyepesi, kilo 4 au 5 kwa mita ya mraba. Trela lako litajaa kwa ukubwa kabla halijalemewa, tuseme mita za mraba 700, na hizo zinakaribia kumaliza kuta za madarasa sita. Ukiwa mwepesi lita 400 ni kilo 1,080, gawa kwa 700, unapata kilo moja na nusu kwa mita. Hata ukirudi mtupu, ni tatu. Ndogo.

Lakini zingekuwa paneli za zege tupu, kilo 300 kwa mita ya mraba, trela linabeba mita 93 tu. Kilo 1,450 gawa kwa 93 unapata 15 na ushee kwa mita, kwenda tu. Hapo barabara inaanza kuuma. Na ukileta vyumba vizima vilivyoundwa tayari ndo kabisa, unasafirisha hewa.

#11 Dereva_wa_Semi
Kurudi sirudi mtupu mkuu, nabeba pamba au mashudu. Alafu saruji ya Mwanza nayo nyingi naileta mimi na wenzangu, inatoka huko huko pwani. Kwa hiyo tofali za saruji nazo zina moshi wangu.

#12 Fundi_Mkoloni
Hapo dereva kasema neno. Watu wanadhani tofali ni ya hapa hapa kisa mchanga ni wa hapa.

Sasa niwaambie kitu cha saiti ambacho mainjinia hawakisemi. Paneli haiondoi saruji. Ile plasta siyo hii ya kupaka, ni sentimeta tatu na nusu kila upande na inachanganywa kali, moja kwa nne, ukiipunguza inapasuka. Mimi nimepiga hizo kuta Kibaha nyumba mbili na nilishangaa mifuko inavyokwenda.

#13 Injinia_Mstaafu
@Fundi_Mkoloni ngoja niiweke kwa kilo, nimeifanya kwenye karatasi sasa hivi.

Paneli: sentimeta 7 za plasta jumla, ni saruji kama kilo 27 kwa mita ya mraba.

Tofali za saruji za inchi sita: kama tofali 10 kwa mita, mfuko ukitoa tofali 35 ni kilo 14, ongeza za kujengea kama kilo 5, ongeza plasta nyembamba pande mbili kilo 10 hivi. Jumla 29.

Yaani saruji ni ile ile! Alafu paneli ina juu yake povu, kilo moja na kidogo ya plastiki ya mafuta, na wavu wa waya kilo tatu. Chuma kinachotoka kwenye tanuri la makaa kinabeba hewa ukaa kama mara mbili ya uzito wake. Kwa hiyo kwa ukuta wa darasa la chini bila ghorofa mimi napata paneli kama kilo 28 za hewa ukaa kwa mita na tofali kama 19. Paneli imeshindwa. Sikutegemea, nimerudia mara mbili.

#14 mjengo_254
@Injinia_Mstaafu hapana, unalinganisha ukuta na ukuta. Linganisha jengo na jengo. Paneli inabeba yenyewe, huhitaji nguzo za zege wala mkanda mzito, na msingi unakuwa mdogo kwa sababu nyumba ni nyepesi. Huku kwetu ni ghorofa nne, tano, hapo nondo na zege zinazopungua si mchezo. Hata mchanga. Kwa hesabu yako mwenyewe plasta ya paneli ni sentimeta 7, tofali na plasta yake ni 18. Huo mchanga unatoka wapi? Uliza watu wa Makueni mito yao ilivyokauka mpaka kaunti ikatunga sheria ya mchanga 2015.

#15 Pwani_Tupu
Mchanga kweli. Dar mto Tegeta na Mpiji imechimbwa mpaka nyumba za watu zinaning'inia. UNEP wanasema dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kwa mwaka. Hii haimo kwenye kilo zenu za hewa ukaa kabisa.

#16 Fundi_Mkoloni
Alafu Injinia hiyo ya tofali 35 kwa mfuko ni tofali za kufa. Unaibeba inavunjika mkononi. Kwa shule ya serikali toa 25 kwa mfuko, saruji itapanda kilo 6 kwa mita na pengo lako linapungua. Huwezi kulinganisha paneli nzima na tofali mbovu.

#17 Injinia_Mstaafu
@Fundi_Mkoloni umenipata, hiyo ni kweli. Kwa 25 tofali inafika kilo 22 au 23 za hewa ukaa kwa mita. @mjengo_254 na wewe kwa ghorofa nakubali kabisa. Kwa darasa la chini lenye bati juu nguzo ni chache, sikubali bado.

#18 Nyegezi_Mama
Mbona hakuna anayeongelea tofali za kuchoma ambazo wazee wa Magu wanazitaka? Sisi mwaka juzi tulichoma tanuri la tofali 10,000 za nyumba ya mama yangu. Lori la tani saba la kuni lilijaa na halikutosha, tukakata na mwembe wa babu uliobaki nyuma ya nyumba. Mama alilia kwa ule mwembe, tulikula maembe yake sote kumi na moja tukiwa watoto. Tofali zilitoka nzuri, nyumba ipo imara, ila ukipita kijijini sasa hivi huoni kivuli. Kwa hiyo mkishindanisha saruji na povu mkumbuke na hiki tunachofanya kila siku.

#19 KatibuWaMagu
@Nyegezi_Mama pole sana. Hicho ndo kinaniuma na mimi, vilima vya huku vimebaki vipara. Wazee wanasema tofali za kuchoma hazina gharama manake udongo ni wetu na kuni ni zetu.

#20 Shy_Mpunga
Huku Shinyanga na Kahama wengi tunachomea pumba za mpunga. Zipo bure kwenye mashine, zingetupwa au kuchomwa hovyo. Inaenda polepole na tofali za pembeni zinabaki mbichi kidogo lakini hukati mti. Magu mna mpunga, jaribuni.

#21 Mwl_Kemia
@Shy_Mpunga hewa ukaa ya pumba ilivutwa na mpunga msimu ule ule, kwa hiyo kwenye hesabu inachukuliwa tofauti na kuni za mti wa miaka 40 ambao hakuna aliyepanda mwingine. Moshi kwenye mapafu ya mchomaji lakini ni ule ule.

Na tusisahau njia ya tatu, tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba pale Mwenge, Dar, wamezihangaikia miaka mingi. Hazichomwi, zinashindiliwa kwa mashine. Nayo ni kama kiwanda kidogo kilichohamia saiti ukitaka kuiita hivyo.

#22 Syokimau_Mkaazi
Mimi nataka kuongea juu ya lile povu. Plot ya jirani walijenga na paneli, wakati wa kukata milango na madirisha na kupitisha mabomba ya waya ile chengachenga nyeupe ilipeperuka mtaa mzima. Ikaingia mtaroni, mvua ikaja ikaenda nayo. Mbuzi walikuwa wanaila. Vipande vilivyobaki wakavichoma jioni, moshi mweusi, watoto wangu wakakohoa siku mbili. Hiyo haiozi, miaka mingi itakuwa bado iko kwenye mto. Mkandarasi nilimfuata akaniambia ni asilimia 98 hewa haina shida. Ni kweli ni hewa, lakini ile mbili inayobaki ndiyo ilikuwa kwenye koo la mbuzi.

#23 Mwl_Kemia
@Syokimau_Mkaazi pole. Tena muulizeni muuzaji dawa ya kuzuia moto iliyomo ni ipi. Ya zamani, HBCD, iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kuondoa kemikali sumu zisizooza, 2013 kwa sababu inakaa mwilini na kwenye samaki. Kuna mbadala siku hizi. Katibu, iandike hiyo kama swali namba moja, na mabaki yote warudi nayo kiwandani, iwe kwenye mkataba.

#24 mjengo_254
Hilo la mabaki ni kosa la saiti, si kosa la paneli. Madirisha yakikatwa kiwandani kwa michoro sahihi hakuna chenga. Ndio maana ya kiwandani.

#25 Syokimau_Mkaazi
Na hiyo michoro sahihi ulishaiona wapi hapa kwetu ndugu yangu, mwenye nyumba anabadilisha mawazo mpaka siku ya kupaka rangi.

#26 Bi_Fumba
Hamjambo. Kwani nyumba za kiwandani ni povu tu? Unguja huku Fumba zipo nyumba za mbao za kuunganisha, na 2021 ulitangazwa mnara wa mbao wa ghorofa 28. Norway wana jengo la mbao la mita 85 tangu 2019. Mti ukikua unavuta hewa ukaa, ukiujengea inakaa humo ukutani. Tanzania tuna shamba la miti la Sao Hill, misonobari kwa maelfu ya hekta, kwa nini Magu wasiletewe fremu za mbao?

#27 Fundi_Mkoloni
@Bi_Fumba mchwa wa Usukuma unawajua? Mbao ya msonobari bila dawa haimalizi miaka mitatu. Na dawa tunayotumia ni ile ya kijani, CCA, ina arseniki. Siku ya kubomoa mama ntilie ataokota mabanzi achomee maandazi. Hapo mazingira yameokolewa wapi?

#28 Bi_Fumba
Msingi ukinyanyuliwa na kuwekwa bati la kuzuia mchwa wanaonekana mapema. Zipo dawa zisizo na arseniki pia. Usiutupe mti wote kwa sababu ya mchwa baba.

#29 Doha_Mswahili
Niko Qatar kazini. Hapa kwa Kombe la Dunia 2022 waliunda uwanja kwa makontena 974, namba yenyewe ndo msimbo wa simu wa nchi. Wazo lilikuwa ufunguliwe ujengwe tena pengine. Ubishi uliokuwepo ni kwamba kitu cha kufungua na kufunga kinatumia chuma kingi zaidi, kwa hiyo faida inakuja pale tu kinapotumika tena kweli, na siyo mbali sana. Kwenye kambi zetu vyumba vya kiwandani vinahamishwa mara tatu nne, hivyo navikubali. Darasa la Magu litahama liende wapi?

#30 Kontena_Kigamboni
Tumieni makontena ya zamani basi. Yapo bandarini, chuma kilishatengenezwa.

#31 Injinia_Mstaafu
@Kontena_Kigamboni la futi 40 ni karibu tani nne za chuma. Kwa darasa unahitaji mawili au matatu, ukate kuta, uongeze fremu kwa sababu umezikata. Na ile sakafu yake ya mbao ilitiwa dawa ya wadudu ya safari za baharini, watoto watakaa juu yake. Kuyeyusha hilo kontena likawa nondo kungejenga kuta nyingi zaidi. Na joto la saa saba mchana ndani ya bati, Magu...

#32 Nyegezi_Mama
Joto ndo jambo. Paneli si inazuia joto? Hiyo faida mbona hamjaihesabu miaka 50 ijayo.

#33 mjengo_254
Ndiyo! Hata cheti cha EDGE, kile cha majengo rafiki wa mazingira, kinataka upunguze asilimia 20 ya nishati, 20 ya maji na 20 ya mzigo uliomo kwenye vifaa, si vifaa pekee.

#34 Injinia_Mstaafu
Mnisikilize hapa. Faida ya povu kwenye nishati inakuja kama kuna kiyoyozi kinachopumzika. Darasa la kata halina kiyoyozi, kwa hiyo unaokoa umeme ambao haukuwepo. Na kwenu Kenya @mjengo_254 umeme mwingi ni jotoardhi, maji na upepo, hata kiyoyozi hakina hewa ukaa kubwa, mzigo unabaki kwenye vifaa. Joto la darasa la Magu linatoka juu, kwenye bati. Hela ya povu ningeiweka darini.

#35 Nyegezi_Mama
Kwani mtoto akisinzia kwa joto hiyo siyo athari? Mimi nimefundisha darasa la bati miaka 12, saa saba hakuna anayesikia. Mazingira ya mtoto nayo ni mazingira.

#36 Injinia_Mstaafu
Sina jibu la kukupinga mama. Kwenye hesabu yangu hakuna mstari wa usingizi wa mtoto, na labda ungekuwepo.

#37 KatibuWaMagu
Wakuu ahsanteni sana, nimeprinti kurasa zote. Kamati ilikaa jana, bado tumegawanyika. Wawili wanataka paneli, wazee wanataka kuchoma, mi na mwalimu mkuu tunavutwa na za kufungamana. Tumekubaliana kitu kimoja: wiki ijayo tanuri la jirani linajazwa, tutaomba mizani ya pamba ya chama cha msingi tupime kuni zote zinazoingia, alafu tuhesabu tofali zinazotoka nzima. Ndo tuwaandikie wa Ujerumani na namba yetu wenyewe.

#38 Shy_Mpunga
Pimeni na tanuri la pumba, nakuja na magunia.

#39 Fundi_Mkoloni
Kuni zikiwa mbichi mizani itawadanganya, nusu ni maji. Chukueni kigogo kimoja, mpime, mkianike juani wiki tatu mpime tena. Na tofali zilizoungua zikapinda msizihesabu kama nzima hata wazee wakisema.

#40 Dereva_wa_Semi
Jumatatu niko Nyakato nashusha saruji. Nitawapigia picha ya geji kabla na baada, mjue lita kamili.